Tope la Nyabugogo: Nani Aliitia Sumu?

Maneno "mlango wa mto" humsumbua kidogo mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia Kigali. Vitabu tunavyosoma vimeandikwa zaidi na watu wa pwani, na kwao mto huishia baharini: maji matamu hukutana na maji ya chumvi, mikoko husimama katikati, na mashapo yaliyobebwa kutoka bara hutulia kwenye mizizi. Sisi tuko kama kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, na mikoko tunaiona kwenye picha. Lakini tunao mlango wetu wa mto, na kazi yake ni ile ile. Ni kinamasi cha Nyabugogo, mahali mto wa jina hilo, uliotoka Ziwa Muhazi, unapopunguza mwendo na kupita kwenye mafunjo kabla ya kuingia Nyabarongo karibu na Giti cy'Inyoni. (Msomaji wa Kinyarwanda atakuwa ameshatambua kwamba mafunjo ni ndugu wa urufunzo. Mmea ni mmoja, na kwa sikio langu hata neno ni moja.)

Maji yanayoteremka mlimani yana nguvu ya kubeba udongo. Yakifika kwenye tambarare nguvu hupungua, nao udongo hutua. Chochote kilichoshikamana na chembe za udongo hutua pamoja nao. Kwa sababu hiyo kinamasi ni mahali pazuri pa kutafutia habari za mji uliokaa juu yake. Ofisi inaweza kupoteza majalada, nasi tunajua ni majalada mangapi yalipotea katika nchi hii, lakini tope halina karani wa kulichagulia cha kuhifadhi na cha kutupa.

Mwaka 2011 watafiti wanne, wa kwanza wao Christian Sekomo, walichapisha uchunguzi wa metali nzito katika kinamasi hiki. Walipima kadimiamu, kromiamu, shaba, risasi na zinki, na hawakupima maji peke yake. Walipima pia mashapo, mafunjo, samaki wa aina ya kambare na perege, na minyoo. Waliona kwamba kromiamu, shaba na zinki ndani ya maji kwa jumla zilikuwa chini ya viwango vya Shirika la Afya Duniani vya maji ya kunywa, ilhali kadimiamu na risasi zilivizidi kila mara. Akiba kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa kwenye mashapo. Humo kadimiamu ilifika miligramu 4.2 kwa kila kilo, shaba 68, risasi 58.3 na zinki 188. Baada ya mashapo ilifuata mizizi ya mafunjo. Kadimiamu, kromiamu na risasi zilikuwa nyingi katika samaki pia, na watafiti wakahitimisha kwamba afya ya watu wanaotumia maji na mazao ya kinamasi iko mashakani.

Makala hii inauliza swali ambalo takwimu hizo haziwezi kulijibu zenyewe: metali hizi zilifikaje pale, na kwa uamuzi wa nani? Nimeliita swali la historia kwa makusudi. Kemia hutuambia ni kitu gani kipo na ni kiasi gani. Haituambii kwa nini bonde hili ndilo lililochaguliwa kupokea uchafu wa jiji zima, wala kwa nini lilichaguliwa mapema kiasi kile.

Kwanza tusiongeze chumvi. Neno "sumu" limeanza kutumika ovyo, na mtu akisikia kwamba tope lina risasi hudhani kwamba atakayelikanyaga ataanguka. Wanasayansi wa mashapo hutumia mipaka miwili. Chini ya mpaka wa kwanza, madhara kwa viumbe wa majini hayatarajiwi. Juu ya mpaka wa pili, yanatarajiwa. Mipaka iliyopendekezwa Amerika ya Kaskazini mwaka 2000, na ambayo imetumika katika tafiti nyingi tangu hapo, inaiweka kadimiamu kati ya 0.99 na 4.98, na risasi kati ya 35.8 na 128. Vilele vya Nyabugogo vinaangukia katikati. Kadimiamu imekaribia ukingo wa juu, risasi iko kama robo ya njia. Hii ndiyo hali ngumu zaidi kuishughulikia kisiasa. Tope lingekuwa limevuka mpaka wa pili kwa mbali, kengele ingelia na bajeti ingepatikana. Likiwa katikati, kila mtu anaweza kusema kwamba uchunguzi zaidi unahitajika, na miaka ikapita.

Mfano ambao wengi wetu huufikiria tukitajiwa sumu ya mashapo ni Minamata, nchini Japani. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa rasmi huko mwezi Mei 1956. Kufikia Julai 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wamesema kwamba chanzo ni zebaki. Mwaka huo huo daktari wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, Hosokawa Hajime, aliwalisha paka maji taka ya kiwanda hicho, na paka mmoja akapata dalili zile zile za wagonjwa. Matokeo yakafichwa. Serikali ilikiri uhusiano huo mwezi Septemba 1968, baada ya kiwanda kuacha utengenezaji uliokuwa ukitoa zebaki. Kisha ikabaki kazi ya tope lenyewe: kuanzia mwaka 1977 hadi 1990 mashapo ya ghuba yalivutwa na kufukiwa, na eneo la hekta 58 likageuzwa kuwa nchi kavu.

Kisa cha Minamata kimetufundisha kutafuta bomba. Kuna kiwanda kimoja, mfereji mmoja, mtu mmoja aliyejua akanyamaza. Nadhani somo hilo, kwa jinsi lilivyo na nguvu, limetupotosha kidogo tunapoiangalia Nyabugogo. Ukisimama kwenye daraja karibu na gare na kuuliza bomba liko wapi, hutapata jibu, kwa sababu bomba ni jiji lenyewe.

Tuanze na jiji hilo. Richard Kandt, daktari wa Kijerumani, alifika nchi hii akifuata maji. Mwaka 1898 alikwenda hadi msitu wa Nyungwe na kudai kwamba chemchemi ya Rukarara, ambayo maji yake huingia Nyabarongo, ndiyo mwanzo wa Nili. Miaka tisa baadaye, mwaka 1907, akiwa mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, alichagua kilima cha Nyarugenge kuwa makao. Uchaguzi ulikuwa na mantiki ya wakati wake: kilima kina hewa na kinaonekana kutoka mbali, mabonde ni ya mbu. Tangu hapo Kigali ikawa mji wa kukaa juu na kuteremsha chini. Kwa miongo mitano hilo halikuwa na uzito. Wabelgiji waliendesha mambo yao zaidi kutoka Usumbura na Astrida, na uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962 mji mkuu mpya ulikuwa na watu kama 6,000. Uchafu wa watu 6,000 kinamasi cha mafunjo kinaumeza bila kusema neno.

Lililofuata ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo. Serikali mpya ilihitaji viwanda, na viwanda vilihitaji ardhi tambarare. Katika nchi ya vilima elfu, ardhi tambarare iliyo karibu na barabara na isiyo na nyumba za watu ilikuwa ya aina moja tu: kinamasi. Ndivyo bonde la Gikondo lilivyopata viwanda vyake, maghala yake na gereji zake. Kijito cha bonde hilo huteremka kupitia Kanogo na Kinamba hadi Nyabugogo, ndiyo maana wataalamu wa mazingira huyachukua maeneo haya kuwa mfumo mmoja na kuuita Gikondo-Nyabugogo. Aliyekiweka kiwanda Gikondo alikiweka, bila kujua au bila kujali, kwenye mdomo wa mfereji ambao mwisho wake ni Nyabugogo. Hakuwa amevunja sheria. Sheria kamili ya mazingira nchini Rwanda ilikuja mwaka 2005, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, REMA, ikaundwa mwaka uliofuata. Viwanda vya kwanza vilikuwa vimekuwepo kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Kwa hiyo kama tungeishia hapa, jibu lingekuwa "viwanda", na wengi huishia hapa. Lakini orodha ya metali yenyewe inatuzuia. Chukua risasi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni za mafuta duniani zilitia risasi kwenye petroli ili injini zisigonge, na kila gari liliitoa kwa bomba la moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuiacha petroli hiyo, na zikaiacha kabla ya tarehe 1 Januari 2006. Nyabugogo ni njia panda ya taifa: hapo hukutana barabara ya Musanze, ya Huye na ya Gatuna, malori ya Mombasa hupita, na gare kubwa kuliko zote nchini imejengwa pembeni mwa kinamasi. Risasi iliyoanguka barabarani kwa miongo hiyo yote ilisombwa na mvua hadi kwenye tambarare ya karibu. Haikuhitaji kiwanda. Ilihitaji mimi na wewe kupanda basi kwenda kwa bibi wakati wa likizo.

Zinki nayo ina hadithi yake. Hutoka kwenye matairi yanayolika na kwenye mabati yanayopata kutu, na jiji hili limeezekwa mabati kilima kwa kilima. Kuondoa nyumba za nyasi, kazi iliyokamilishwa kwa kampeni kali kufikia mwaka 2011, kulileta faida ambayo hakuna atakayeibisha. Paa la bati hata hivyo huachia kidogo kidogo zinki yake kila mvua inaponyesha, na mara nyingi zinki ya viwandani huwa na chembe za kadimiamu ndani yake. Kadimiamu ina milango mingine pia: rangi, betri za aina fulani, na mbolea za fosfeti, ambazo hutumika mashambani tangu Muhazi hadi Kigali. Ongeza gereji za Gatsata, maarufu kwa vipuri na mafuta machafu, zilizokuwa ng'ambo tu ya mto. Ongeza machinjio. Ongeza mfereji wa Mpazi, unaokusanya maji ya Nyamirambo, mtaa ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku muda mrefu kabla hakijapitishwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kisha Gitega, Kimisagara na Muhima, na kuyamwaga yote Nyabugogo. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji huo hushuka kwa kasi inayoua watu, na kinachoshuka nao si maji matupu.

Halafu kuna idadi. Baada ya mwaka 1994 watu walirudi kutoka uhamishoni, wengine wakaja mjini kutafuta usalama na kazi, na Kigali ikapanuka kwa kasi ambayo hakuna mpango wa mabomba ungeiwahi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 1,130,000. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,745,555. Kwa muda wote huo jiji halikuwa na mtandao mmoja wa maji taka. Kulikuwa na mashimo ya vyoo, matangi ya hoteli na mitaa michache yenye mitambo yake midogo. Mafunjo ya Nyabugogo ndiyo yaliyokuwa mtambo wa jiji, mtambo usio na mshahara wala fundi. Mradi wa mtambo wa kati umepangiwa eneo la Giti cy'Inyoni, yaani pale pale kinamasi kinapomwaga maji. Wahandisi walilichagua eneo hilo kwa sababu maji ya jiji hufika hapo kwa mteremko. Kandt angewaelewa mara moja.

Sasa, je, tunaweza kugawa lawama hizi kwa asilimia? Kwa nadharia inawezekana. Mashapo yaliyotulia bila kuvurugwa hulala tabaka juu ya tabaka, na mtafiti akizamisha bomba refu anaweza kutoa nguzo ya tope na kuisoma kutoka juu kwenda chini kama mtu anayerudi nyuma kwenye daftari. Tarehe hupatikana kwa namna mbili. Kuna risasi ya asili yenye mnururisho, iitwayo risasi-210, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Na kuna sizi-137, iliyoenea duniani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufika kilele mwaka 1963, ikiacha alama ambayo wanasayansi huitafuta kila mahali. Kwa Rwanda alama hiyo ingeangukia karibu kabisa na uhuru. Tabaka zilizo chini yake ni za mji wa watu 6,000. Tabaka zilizo juu yake ni za mji wetu. Sina habari ya kalenda nyingine ya historia ya Kigali iliyo wazi namna hiyo.

Shida ni kwamba kurasa za Nyabugogo zimechanwa. Watu wamelima humo magimbi, mboga na miwa, na jembe huchanganya mwaka 1970 na mwaka 1990. Wamechimba udongo wa matofali. Mifereji imekatwa, imezibwa na kukatwa tena. Mafuriko yameng'oa tabaka nzima. Nguzo ya tope iliyotolewa mahali pabaya itatupa kalenda ya uongo, na itatupa kwa sauti ya uhakika, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na kalenda. Ndipo mwanahistoria anapohitajika kwa kazi ya kawaida kabisa: kuuliza ni wapi hapakulimwa, picha za angani za zamani zinaonyesha mkondo ulipita wapi, leseni za Gikondo zilitolewa mwaka gani na kwa bidhaa gani, nani alikuwa na shamba kandokando ya mfereji na aliacha kulima lini. Vyanzo hivyo viko kwenye makabati ya ofisi na kwenye vichwa vya wazee, na vyote viwili vinapungua.

Kwa nini nasema kuna haraka? Kwa sababu kwa miaka kumi na zaidi sasa bonde linasafishwa, na usafi nao hufuta ushahidi. Viwanda vya Gikondo viliondolewa kwa awamu, vingine vikahamia Eneo Maalumu la Kiuchumi huko Masoro. Kuanzia Desemba 2019 Jiji la Kigali lilianza kuzihamisha kaya zilizokuwa ndani ya vinamasi. Mwaka 2022 ilifunguliwa bustani ya Nyandungu, hekta 121 za kinamasi kilichofufuliwa, chenye mabwawa ya kuchuja maji na njia za kutembea. Baada ya hapo ikafuata kazi kubwa zaidi ya vinamasi vitano: Gikondo, Rwampara, Kibumba, Rugenge-Rwintare na Nyabugogo yenyewe. Nyandungu ni pazuri, nami ni mmoja wa wanaokwenda kutembea huko. Sina ugomvi na bustani.

Ugomvi wangu ni na wazo lililojificha nyuma ya neno "kuhamisha". Kiwanda kimehama, kaya imehama, gereji imehama, lakini tope halijahama. Metali haziozi kama maganda ya ndizi. Ndani ya kinamasi kilichojaa maji hakuna oksijeni, na katika hali hiyo salfa hushikana na kadimiamu, risasi, shaba na zinki na kuzifunga. Mradi tope limelala na limefunikwa na maji, sehemu kubwa ya sumu imelala nalo. Ukikausha kinamasi, au ukachimba bwawa na kulirundika tope ukingoni likapigwa na hewa, vifungo hufunguka na metali hurudi kwenye maji. Hivyo kazi ile ile ya kufufua inaweza kuwa dawa au inaweza kuwa kuamsha aliyelala, kutegemea tope linachimbwaje na linapelekwa wapi. Japani waliliona hilo Minamata, ndiyo maana walitumia miaka kumi na mitatu kulihamisha kwa taratibu na kulifunika.

Jambo la pili ni la haki. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2018 iliyochukua nafasi yake, zote zinakubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Kanuni hiyo inahitaji jina, na tope la Nyabugogo halitoi jina. Katika pengo hilo lawama huteremka kwa njia ile ile ya maji, hadi kwa aliye chini zaidi: mwenye kibanda cha kinamasini, mama anayeosha karoti mferejini, mvuvi wa kambare. Hao waliishi na sumu hiyo na baadhi yao waliila. Kwamba wao ndio waliyoileta ni dai ambalo orodha ya metali haiungi mkono. Familia iliyopika kwa mkaa na kutembea kwa miguu haikutia risasi kwenye petroli.

Si jambo la Kigali peke yake. Dar es Salaam ina Msimbazi, mto unaopita kando ya viwanda, gereji na machinjio ya Vingunguti kabla ya kufika kwenye mikoko na Bahari ya Hindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulipima metali kwenye mashapo ya mikoko minne ya jiji hilo, na kwenye konokono wadogo wanaopanda juu ya miti yake. Miaka mingi baadaye, mwezi Desemba 2015, serikali ilipoamua kulisafisha bonde la Msimbazi, nyumba za mabondeni ndizo zilizoanza kubomolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa mafuriko, na mafuriko yalikuwa ya kweli. Lakini mwanafunzi anayeilinganisha miji hii miwili ataona mpangilio unaofanana: upimaji huanza na metali, utekelezaji huanza na kaya.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mabishano ya bonde moja dogo. Jiografia haikubaliani nao. Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huzaa Akagera, na Akagera humwagikia Ziwa Viktoria. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mito hii ilibeba miili hadi ziwani, na raia wa Uganda waliiopoa na kuizika Kasensero, Lambu na Ggolo, ambako kumbukumbu zake zinatunzwa hadi leo. Siweki mambo haya mawili kwenye mizani moja. Nasema tu kwamba sisi, kuliko watu wengine, hatuna udhuru wa kudhani kwamba kilichoingia mtoni kimekwisha. Karibu zaidi na nyumbani, mtambo wa maji wa Kanzenze, uliozinduliwa mwaka 2021 kwa uwezo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, huchota kwenye visima vya ukingo wa Nyabarongo, chini ya mahali Nyabugogo inapoingia. Maji yake husafishwa na kupimwa. Lakini ni mto ule ule, na tope lililoamshwa juu yake litapita hapo.

Kinachotakiwa kufanyika kabla mitambo ya kuchimba haijafika kila kona ya bonde si kikubwa. Nguzo za tope zitolewe angalau mahali patatu: Kinamba, chini ya kijito cha Gikondo, mdomoni mwa Mpazi, na upande wa juu wa mto, kabla haujagusa jiji, ili tujue udongo wa Muhazi ulikuwa na nini tangu asili. Hiyo ya tatu husahaulika mara nyingi, na bila hiyo mbili za kwanza hazina cha kulinganishwa nacho. Milima ya Rulindo imechimbwa madini tangu miaka ya 1930, na vijito vyake huteremkia bonde hili pia, kwa hiyo bomba la nne kwenye mto Yanze lingesaidia. Nguzo zikatwe, zipewe tarehe, nusu yake ihifadhiwe kwenye baridi kwa ajili ya watakaokuja na vyombo bora. Wakati huo huo mtu akae na orodha za leseni za Gikondo, mwaka kwa mwaka, na mwingine aende Kimisagara na Gatsata na kinasa sauti, awaulize waliokuwa vijana mwaka 1975 maji ya mfereji yalikuwa na rangi gani, na yalibadilika lini.